Upana wa Kidole

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Mudaki aliyafunga jana magharibi, mbele na nyuma,
kwa pesa za chama na deni dogo juu yake.
Meusi, yananuka duka,
yana vinyweleo vya mpira vilivyosimama
kama mwili uliomwagiwa maji ya alfajiri.
"Usiyaamini," aliniambia, akijifuta mikono kwa gazeti.
"Yana nta ya kiwandani. Kilomita mia za kwanza
nenda kama umebeba mgonjwa."

Nilikuwa nimezoea kipara.
Nilijua wapi kitanigeuka:
pale Gambogi chini ya mikalitusi,
pale lori la majani chai hudondosha dizeli,
pale mstari mweupe wa kivuko cha shule ukilowa.
Adui unayemjua hukupa muda wa kuomba.
Ila Aprili. Aprili hakikunipa.
Trei sita za mayai, na Mama Kagehi nyuma yangu,
na lami ikawa sahani ya uji wa manjano.
Aliinuka akicheka, ndipo akaliona goti lake.

Basi Jumapili, kabla ya kengele,
nashuka peke yangu kutoka Majengo.
Barabara tupu. Ukungu.
Kule bondeni Kisumu bado ina taa
na ziwa halijaamua rangi.

Naigusa breki ya mbele
kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni moto.
Naigusa tena.
Tairi linasita, linateleza, unene wa ukucha tu,
moyo unagonga helmeti kwa ndani,
kisha linashika.
Sijui limeshika kwa kuwa linaweza
au kwa kuwa nimeogopa mapema.
Hapo ndipo penye kazi:
kupima mkono wa mgeni
kwa mkono wako unaotetemeka.

Kona ya kwanza nailaza pikipiki kidogo,
kama anayeegemea ukuta wa nyumba ya wakwe.
Ya pili, zaidi.
Makalio husikia kabla ya masikio:
kuna mchakato mdogo huko chini,
mchanga ukiuliza, mpira ukijibu,
na baina ya swali na jibu
kuna kimya ambacho sikipendi.
Ya tatu, mvua inaanza.

Wanasema mshika mbili moja humponyoka.
Aliyesema hakuwahi kuteremka Kiboswa kwenye manyunyu.
Huku ukishikwa na moja, umekwisha.

Mamboleo nikageuza. Sikunywa hata chai.
Nikapanda mlima ule ule, kona zile zile
zikija sasa kwa mkono mwingine,
nikazilalia moja moja,
nikiimba kitu kisicho na maneno.

Stejini nilichuchumaa kuyatazama.
Katikati nta imeondoka, pamefifia,
pamekuwa pa kijivu kama nyayo za mwenye shamba.
Pembeni bado pang'aavu, vinyweleo bado wima:
hapo lami haijafika, mimi sijafika.
Nikapima. Kushoto, upana wa kidole.
Kulia, kidole na nusu.

Kulia ndiko tulikoangukia.

Sikumwambia mtu. Nilisugua tope, nikasimama,
na huyo Mama Kagehi akaja, goti likisitasita kidogo,
leo ana trei moja tu, amefunga kwa leso.
Aliinama, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba
jinsi anavyobonyeza maparachichi ya watu sokoni.
"Limeiva?"
"Bado kidogo, mama."
"Basi usikimbie."
Akapanda. Akalishika koti langu kwa vidole viwili,
na baada ya kona ya kulia, kwa mkono mzima.